Meno Yaliyokosa Mwenyewe

Mwaka 1856 Christian Heinrich Pander alichapisha kitabu kuhusu samaki wa kale ambao mabaki yao yamo ndani ya miamba ya majimbo ya Urusi yaliyopakana na Bahari ya Baltiki. Hakuwa mtu mgeni katika elimu. Alizaliwa Riga mwaka 1794, na mwaka 1817, akiwa bado kijana, alijipatia jina Ulaya kwa kuchunguza mayai ya kuku yaliyoatamiwa na kuonyesha kwamba kifaranga huanza kuumbika kutokana na tabaka nyembamba zilizolaliana. Jicho lililozoea kutazama kiinitete cha kuku halikushindwa kuona vitu ambavyo wengine wangevidhania punje za mchanga.

Vitu hivyo vilikuwa vijino. Vingi havikufika milimita moja, na vile vikubwa vilizidi hapo kidogo tu. Vilikuwa na maumbo mengi: vingine pembe moja iliyopinda, vingine safu ya ncha zilizosimama juu ya upau mwembamba, vingine bapa lenye vinundu na matuta. Vyote vimeumbwa kwa fosfeti ya kalsiamu, madini yale yale yaliyomo katika mifupa na meno yetu. Pander aliamua kwamba ni meno ya samaki wa kundi ambalo bado halijajulikana. Akayaita konodonti, akayachora kwa uangalifu, akayapanga kwa jenasi na spishi. Alichokosa ni mwenyewe. Karibu na meno hayo hakuona taya, wala gamba, wala pingili hata moja ya uti wa mgongo.

Swali la mwenye meno lilidumu miaka 127.

Wa kwanza kumpinga Pander walikuwa wakubwa wa fani. Richard Owen, bingwa wa anatomia wa Uingereza, aliona kwamba vijino hivyo vinaelekea zaidi kuwa viungo vya konokono wasio na ganda au vya minyoo wa baharini. Mwaka 1886 Karl von Zittel na Josef Rohon wakashikilia minyoo. Baada yao kila kizazi kilileta mnyama wake. Wapo waliotaja jamii ya kaa na kamba, wapo waliotaja jamaa za pweza, na wapo waliothubutu kusema kwamba si mnyama hata kidogo, bali mmea. Kutofautiana huko hakukutokana na uzembe. Mnyama wa baharini mwenye mwili laini, asiye na mfupa wala ganda, akifa huoza kwa muda mfupi. Kilicho kigumu kinywani mwake hudondoka, mkondo wa maji hukitawanya, na tope hukizika kipande hapa na kipande kule. Aliyekuja mamilioni ya miaka baadaye alikuta vipande hivyo peke yake, na kwa vipande hivyo tu alitakiwa kumkadiria mnyama mzima.

Vijino vyenyewe navyo vilificha fumbo lao. Ukikipasua kijino na kukitazama kwa hadubini, unaona tabaka zilizoongezwa moja juu ya nyingine upande wa nje tangu mnyama alipokuwa mdogo. Vingine vilivunjika ncha mwenyewe akiwa hai, kisha tabaka mpya zikafunika pale palipovunjika. Jino la mtu haliwezi kujitengeneza hivyo. Likishatoka kwenye ufizi, haliongezwi enameli tena. Basi ilibidi vijino vya konodonti viwe vimefunikwa na nyama, walau wakati wa kukua. Lakini jino lililofunikwa na nyama lingetafuna nini? Kwa sababu hiyo baadhi ya wataalamu walikataa kabisa kwamba ni meno. Maurits Lindström, katika miaka ya 1970, alipendekeza kwamba vilikuwa vihimili vya minyiri iliyochuja chakula majini.

Huku wataalamu wa wanyama wakivutana, wanajiolojia walikuwa wameshaanza kuvitumia vijino hivyo kazini. Vilikuwa na sifa ambazo kila mpima miamba huzitamani. Vilipatikana kwa wingi, katika mabaki ya bahari nyingi za kale, na maumbo yake yalibadilika upesi zama zilipopita. Ukijua ni umbo gani lililokuwapo wakati gani, unaweza kuchukua jiwe kutoka bara moja na jiwe kutoka bara jingine na kusema kama yaliwekwa chini katika kipindi kimoja. Mwaka 1926 Wamarekani Edward Ulrich na Ray Bassler walichapisha mpangilio wa konodonti kwa kusudi hilo. Baadaye maabara zikagundua njia rahisi ya kuvitoa mwambani: loweka chokaa katika asidi ya asetiki, ile inayoipa siki ukali wake. Chokaa huyeyuka, vijino vya fosfeti hubaki. Kilo moja ya jiwe zuri huweza kutoa vijino kwa mamia.

Matumizi hayo yalizaa tatizo la majina. Kila umbo lililookotwa lilihesabiwa kuwa spishi yake, kana kwamba kila jino lilikuwa na mnyama wake. Mwaka 1934 watu wawili, kila mmoja akifanya kazi kivyake, walionyesha kwamba haikuwa hivyo. Hermann Schmidt nchini Ujerumani na Harold Scott katika jimbo la Montana, Marekani, walikuta juu ya vibao vya mwamba vijino vya maumbo tofauti vikiwa vimelala pamoja kwa mpango ule ule, kushoto na kulia vikilingana. Havikuwa vimekusanywa na maji. Vilikuwa vya mnyama mmoja aliyezama na kufunikwa na tope kabla hajatawanyika. Maana yake ni kwamba mnyama mmoja alibeba kinywani vijino vya aina kadhaa. Leo tunajua kwamba katika kundi kubwa la konodonti kila mmoja alikuwa na vijino 15: mbele safu ya miiba ya kukamatia, nyuma jozi za bapa za kukatia na kusagia. Lakini majina yalikuwa yameshaenea vitabuni, na ilichukua hadi miaka ya 1960 kabla wataalamu hawajaanza kwa dhati kuyaunganisha tena, mnyama mmoja kwa jina moja.

Harold Scott hakuacha kumtafuta mwenye meno. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilionekana kwamba amempata, tena huko huko Montana. Katika chokaa ya Bear Gulch, inayohifadhi hata wanyama laini kabisa, William Melton alikuwa amekusanya visukuku vya kiumbe mfano wa mashua nyembamba, chenye pezi nyuma, na katikati ya mwili wake mlikuwa na vijino vya konodonti. Melton na Scott walitoa maelezo yake kamili mwaka 1973. Furaha hiyo haikudumu. Vijino havikuwa mahali ambapo kinywa kingekuwapo. Vilikuwa tumboni, vimechanganyika ovyo, na katika baadhi ya vielelezo havikuwapo kabisa. Kiumbe kile hakuwa konodonti. Alikuwa amewala konodonti. Yeye mwenyewe, anayeitwa Typhloesus, amebaki fumbo la peke yake: mwaka 2022 Simon Conway Morris na Jean-Bernard Caron walieleza kwamba ana kiungo kinachofanana na ulimi wenye vimeno wa konokono, na kwamba huenda ni wa ukoo huo.

Wakati huohuo thamani ya vijino iliongezeka kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Anita Epstein, mjiolojia wa Idara ya Jiolojia ya Marekani, aliona kwamba vijino kutoka milima ya Appalachia havikuwa na rangi moja. Vya upande mmoja vilikuwa na rangi ya manjano hafifu, vya upande wa pili vilikuwa vyeusi. Alivipasha moto katika maabara na kuthibitisha kwamba rangi hubadilika kadiri joto linavyopanda: kutoka manjano hafifu kwenda kahawia, kisha nyeusi, na joto likizidi mno, kijivu na nyeupe. Tena rangi haikurudi nyuma. Kila kijino, kwa hiyo, kilikuwa kimetunza kumbukumbu ya joto kali kuliko yote ambalo mwamba wake uliwahi kupitia. Kazi hiyo, aliyoichapisha na wenzake mwaka 1977, ilikuwa habari kubwa kwa watafuta mafuta. Mafuta huzalika pale mwamba unapopata joto la kadiri. Likipungua hayazaliki, na likizidi huharibika. Kwa kutazama rangi ya vijino, kampuni ingeweza kujua mapema ni wapi hakuna haja ya kuchimba.

Hapo ndipo palipofikia elimu ya konodonti mwanzoni mwa miaka ya 1980. Maelfu ya spishi zilikuwa na majina, miamba ya dunia ilikuwa imepangwa kwa umri kutokana nazo, visima vilichimbwa au kuachwa kwa ushauri wake. Na bado hakuna aliyejua mnyama huyu alikuwa na kichwa au hana.

Jibu lilikuwa limelala Edinburgh, Uskochi, ndani ya droo. Ufukweni Granton, kaskazini mwa mji huo, kuna tabaka la mwamba lenye umri wa miaka takriban milioni 330, linalojulikana kwa visukuku vyake vya kamba. Zamani kipande cha mwamba huo kilichukuliwa na kuwekwa katika mkusanyiko wa idara ya jiolojia. Mwaka 1982 Euan Clarkson, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikuwa akiipitia mikusanyiko hiyo kutafuta kamba. Juu ya jiwe moja aliona alama hafifu, ndefu kama milimita 40 na nyembamba kama milimita 2, iliyojipinda kidogo. Haikuwa kamba. Alipoiweka chini ya hadubini, kwenye ncha moja ya alama ile aliona vijino vya konodonti, vikiwa vimepangika mahali pake.

Clarkson alimwita Derek Briggs, mtaalamu wa wanyama wenye miili laini, na wote wawili wakamhusisha Richard Aldridge, aliyezijua konodonti kwa undani. Walikuwa na somo la Montana mbele yao, kwa hiyo walijiuliza kwanza kama huyu naye si mlaji. Hakuwa. Vijino vilikuwa mwisho wa mwili, si katikati. Vilikuwa kwenye mpangilio wa uhai, si wa chakula kilichosagwa. Na vilikuwa seti ya mnyama mmoja tu. Mwaka 1983 makala yao ilitangaza kwamba mnyama wa konodonti ameonekana.

Waliandika kwa tahadhari. Mwili ulikuwa kama wa mkunga mdogo: mrefu, laini, wenye pezi mkiani lililoshikiliwa na miali. Ulionyesha dalili za misuli iliyopangwa kwa vipande mfululizo, na mistari inayopita kwa urefu wake. Mambo hayo yalielekeza kwa samaki na jamaa zao, lakini pia kulikuwa na watu waliokuwa wakiona mfanano na minyoo mishale, wawindaji wadogo wa baharini ambao miiba yao ya kunasia ilifanana na baadhi ya vijino vya kale sana. Kisukuku kimoja hakikutosha kukata shauri. Watafiti walirudi Granton na kupekua zaidi, na vielelezo vingine vikapatikana kimoja baada ya kingine. Kufikia mwaka 1993 walikuwa na kumi. Ndani yake waliona sasa vizuri vipande vya misuli vyenye umbo la V, kama vile unavyoviona ukimchuna samaki ngozi. Ufito wa mgongoni unaoitwa notokodi, ambao kwa viinitete vyetu hutangulia uti wa mgongo. Na mbele ya vijino, madoa mawili yaliyokuwa macho.

Kisha habari ikatoka kusini mwa Afrika. Katika milima ya Cederberg, Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, kuna mwamba wa tope unaoitwa Soom, uliowekwa mwishoni mwa enzi ya Ordovisi, miaka kama milioni 445 iliyopita, katika bahari baridi iliyofuata kuyeyuka kwa barafu kubwa iliyofunika eneo hilo. Katikati ya miaka ya 1980 kisukuku kutoka humo kilielezwa kuwa mmea wa kale wa nchi kavu, kikapewa jina Promissum pulchrum. Mwaka 1990 Johannes Theron, Barrie Rickards na Richard Aldridge walionyesha kwamba si mmea. Yale yaliyodhaniwa kuwa sehemu za mmea yalikuwa vijino vya konodonti mkubwa ajabu, mwenye vijino 19 badala ya 15, na vijino hivyo vilionekana bila hadubini.

Miaka mitano baadaye Sarah Gabbott, Aldridge na Theron walichapisha kielelezo cha Promissum chenye kitu ambacho ni nadra sana kukutwa katika kisukuku: nyuzi za misuli. Misuli hiyo ilikuwapo mwilini, na ilikuwapo pia kuzunguka macho, ile inayolizungusha jicho kutazama huku na huku. Kwa ukubwa wa vijino vyake, walikadiria kwamba mnyama huyo alifikia sentimita 40. Konodonti, basi, hakuwa mnyoo aliyelala mchangani akichuja tope. Alikuwa muogeleaji mwenye macho yanayofuatia mawindo.

Meno nayo yakapata ushahidi wake. Mark Purnell aliyakagua mabapa ya nyuma na kukuta michubuko na mikwaruzo ya aina ile inayotokea meno mawili yanaposagana au yanapokutana na chakula kigumu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha ncha kali kuliko za meno ya mnyama mwingine yeyote aliyepimwa, na hilo ni muhimu kwa mnyama mdogo asiye na taya: asipokuwa na nguvu ya kubana, ukali wa ncha humsaidia kukata. Fumbo la nyama iliyofunika nalo likapata maelezo yanayokubaliwa na wengi. Kijino kilitumika, kikachakaa, kikarudishwa ndani ya tishu na kuongezewa tabaka, kisha kikatumika tena.

Kwa hiyo Pander alisema kweli? Sehemu kubwa, ndiyo. Yalikuwa meno, na mwenyewe alikuwa wa ukoo wa samaki. Lakini swali lilihamia mahali pengine. Mwaka 1992 Ivan Sansom na wenzake walidai kwamba ndani ya vijino wameona dalili za mfupa wenye seli na enameli, na hivyo konodonti ndio waliotangulia kuwa na tishu ngumu za wanyama wenye uti wa mgongo. Ikiwa ni hivyo, asili ya meno yetu ilianzia vinywani mwao. Wengine hawakuridhika, na mwaka 2013 kundi la akina Duncan Murdock na Philip Donoghue lilitumia eksirei zenye nguvu kuchunguza vijino vya mababu wa konodonti bila kuvikata. Waliona kwamba tishu inayofanana na enameli ilijitokeza hatua kwa hatua ndani ya ukoo wa konodonti wenyewe, mbali na njia iliyoleta meno ya papa, ya mamba na ya binadamu. Maumbile yalifika kwenye jino mara mbili kwa njia mbili. Leo wataalamu wengi huwaweka konodonti karibu na lamprei, samaki asiye na taya anayeishi hadi sasa, ingawa mabishano juu ya mahali pao halisi hayajaisha.

Konodonti waliishi miaka karibu milioni 300, tangu mwisho wa enzi ya Kambri. Walivuka hata msiba ulioua sehemu kubwa ya viumbe wa baharini miaka kama milioni 252 iliyopita. Mpaka wa kitaalamu baada ya msiba huo umewekwa juu yao: mwaka 2001 jopo la kimataifa la wanajiolojia liliafiki kwamba enzi ya Triasi inaanzia pale kijino cha Hindeodus parvus kinapoonekana kwa mara ya kwanza katika miamba ya Meishan, China. Oksijeni iliyofungiwa ndani ya vijino vya kipindi kilichofuata ilimwezesha Yadong Sun na wenzake, mwaka 2012, kukadiria kwamba maji ya juu ya bahari za tropiki yalikaribia nyuzi 40 za Selsiasi, joto ambalo samaki wengi hawalivumilii. Baada ya kunusurika yote hayo, konodonti walimalizika mwishoni mwa Triasi, miaka kama milioni 201 iliyopita. Chokaa ya mapango ya Amboni, Tanga, iliwekwa katika enzi iliyofuata, ya Jurasi. Ukiiyeyusha kwa asidi hutawakuta, kwa kuwa walikuwa wameshatoweka.

Historia hii inanigusa kwa sababu ya jinsi jibu lilivyopatikana. Werevu haukukosekana katika miaka ile 127. Owen, Zittel, Schmidt na Scott walikuwa na werevu wa kutosha. Kilichokosekana ni jiwe moja, na jiwe hilo lilipatikana kwa kuwa kuna mtu aliyeliokota bila kujua thamani yake, na idara iliyolitunza bila kuulizwa faida yake, hadi mtu mwingine alipofika na swali tofauti. Bajeti ya makumbusho inapopunguzwa, mara nyingi kinachoonekana hakina kazi ni zile kabati za nyuma zilizojaa vitu visivyo na lebo nzuri. Hesabu hiyo ina kasoro. Kisukuku kilichotupwa hakiwezi kuulizwa tena, na hakuna anayejua leo swali litakaloulizwa baada ya miaka 50.

Na kazi haijaisha. Kati ya maelfu ya spishi za konodonti zilizopewa majina, miili inayojulikana ni ya chache mno: wa Granton, wa Soom, na mmoja wa Waukesha, Wisconsin, anayeitwa Panderodus kwa heshima ya Pander. Wengine wote bado ni meno yaliyokosa mwenyewe. Kuna uwezekano mkubwa kwamba baadhi yao wameshaokotwa, wamefungwa kwenye karatasi na kuwekwa mahali, na kinachohitajika ni wahifadhi wenye mishahara, kabati zisizovuja, na wanafunzi walioruhusiwa kuzifungua.